Nyumba Tupu Namba Nne

Wakala wa bima aliomba sinia. Namsifu alimletea lile la kuanikia tangawizi, akalipangusa kwa upindo wa kanga na kulitua mezani. Wakala, kijana mtaratibu aliyeitwa Mshana, aliliinamisha kwa kuweka kipande cha kuni chini ya ukingo wake mmoja, akatawanya juu yake vipande vitano vya tangawizi, kisha akashika kikombe chake cha chai na kuimimina polepole kutoka juu. Chai iliteremka, ikakikumba kipande kimoja kilichokuwa katikati, ikakibeba hadi sakafuni.

"Hiyo ndiyo nyumba yenu, mama. Namba tatu."

"Nimeiona," alisema Namsifu. "Na hiyo ndiyo ilikuwa chai yako. Birika limekwisha."

Kitandani karibu na dirisha, mumewe Elirehema alicheka. Alikuwa fundi mwashi, na kitanda kile kilihamishiwa sebuleni tangu siku alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kujengea na miguu yake ikakataa kumbeba tena.

"Kijana, nyumba yangu nimeijenga kwa mawe, si kwa tangawizi."

"Ndiyo, mzee. Na mawe ndiyo yanayoporomoka."

Hapo Elirehema hakucheka. Kila mtu katika milima ya Upare aliyajua masika yaliyoteremsha vijiji vizima bondeni. Baada ya masika hayo Kampuni ya bima ilizamisha nanga za chuma katika kila mteremko, ndefu kupita minazi, nazo hukaza na kulegea kwa amri, zikifunga mishipa hii ya maji ardhini na kufungua ile, kama mwenye zamu ya maji azibavyo mfereji kwa udongo ili maji yaende shamba jingine. Akili inayoziamuru nanga hizo iliitwa Mizani. Mlima haukuweza kuzuiwa, lakini uliweza kuelekezwa. Sheria ikafuata: kila mwenye nyumba mteremkoni achague bima kabla ya masika, la sivyo ahamishiwe uwandani.

Mshana aliokota kipande kilichoanguka, akakirudisha mahali pake. "Hii ni Bima ya Fidia. Mlima ukija, unakuja. Ninyi mnatolewa mapema, nyumba inaondoka, sisi tunawajengea nyingine."

"Wapi?" aliuliza Elirehema.

"Uwandani."

"Endelea."

Kijana alichovya kidole katika chai iliyotuama, akachora mifereji myembamba kutoka juu hadi kwenye vipande vyote vitano. "Hii ni Bima ya Ujima. Mizani inaugawa mzigo kwa nyumba zote tano za mteremko huu. Kila moja italowa kidogo, itapata nyufa, labda na mlango utakaokataa kufunga. Hakuna itakayong'oka. Ila ni lazima nyumba zote tano zikubali. Ikikataa moja, haipo."

"Na ya tatu? Ulisema ziko tatu," alisema Namsifu.

Mshana alisita. Aliweka kidole juu ya kipande cha katikati, akamimina matone ya mwisho ya kikombe. Chai ilikizunguka kidole, ikapinda kushoto, ikakilowesha kipande kilichokuwa chini kidogo.

"Bima ya Kinga. Hatari haifi, mama. Huhamishwa tu. Lakini Mizani haiielekezi kwenye nyumba yenye mkaaji, na hapo chini namba nne yupo mzee Kangero. Kwa hiyo kwenu imefungwa. Nimeitaja kwa kuwa sheria inanitaka nizitaje zote."

Namsifu aliitazama ile tangawizi iliyolowa, akaitoa katika sinia na kuitia mfukoni mwa aproni, bila kujua kwa nini.

*

Mzee Kangero alikuja jioni ile ile, akikohoa tangu kwenye kipito. Ndiye aliyekuwa mpiga pembe wa kijiji. Pembe yake ya tandala ilipolia, mtu aliacha kijiko hewani na kuchukua jembe, kwani ulikuwa wito wa msaragambo: watu wote kwenda kuzibua mifereji au kutengeneza kingo za ndiva, lile bwawa la kijiji lililojengwa na mababu kwenye bega la mwamba. Alikuwa mgomvi, mpenda sukari ya watu, na mtani mkubwa wa Elirehema.

"Fundi, bado unaulea mgongo tu?"

"Wewe bado unakilea kikohozi. Nani kakuita?"

"Njaa. Mama Ombeni, usimsikilize huyu mumeo, nitilie uji." Alikaa, akashika bakuli kwa mikono miwili. Kisha sauti yake ikabadilika. "Nyumba nne tumekubaliana Ujima. Mmebaki ninyi tu."

Elirehema aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulijibu kwa mlio mzito, usio na mashaka. "Sikia huo. Tangu niujenge hauna ufa hata wa kupitisha uzi. Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, Kangero. Sitajenga nyingine. Unataka nikae hapa kitandani nikiutazama ukipasuka?"

"Wahenga walituonya tuzibe ufa. Mimi leo nakuomba uukaribishe. Ufa mdogo kwako, mdogo kwangu, sote tulale."

"Tutafikiri," alisema Namsifu upesi, kabla mumewe hajajibu.

"Fikirini. Lakini masika hayafikiri."

Alikunywa uji hadi mwisho, akaomba sukari ya kufungia safari, akaondoka. Walimsikia akikohoa mpaka kwenye migomba yake.

Walifikiri. Kila Namsifu alipotaka kulifungua jambo lile, alimkuta mumewe amegeuza uso, kiganja chake kikiwa juu ya mawe kama mtu anayempapasa ng'ombe. Akaacha. Aliacha leo, akaacha na kesho, akijiambia kwamba mgonjwa hasukumwi. Moyoni alijua kwamba nyumba nne zilikuwa zikimngoja yeye. Na kabla mvua hazijaanza, kifua kilimzidi nguvu mzee Kangero.

*

Mshana alifika asubuhi ya pili yake, viatu vikiwa na tope. Alitoa pole kwanza, kwa adabu zote. Kisha akabaki amesimama.

"Kinga imefunguliwa," alisema.

"Mzee hata hajazikwa," alisema Namsifu.

"Mizani inahesabu walio hai, mama. Jina lake limekwisha kuondolewa. Namba nne sasa ni nyumba tupu. Na Ujima hauwezekani tena, kwa kuwa hakuna wa kuikubalia nyumba ile. Wenzenu watatu wamechagua Fidia. Ninyi ndio mlio jirani na nyumba tupu, kwa hiyo Kinga ni yenu mkiitaka. Msipoitaka, ni Fidia."

Namsifu alimtazama mumewe. Alitaka aseme hapana, ili yeye apate kumtii. Au aseme ndiyo, ili lawama iwe yake.

"Nyumba ile itabaki gofu," alisema Elirehema taratibu. "Binti yake Nakundwa ameolewa ng'ambo ya mlima. Haina mtu. Ukisema ni tupu, husemi uongo, Mama Ombeni."

Mshana alibandika ukutani kidude cha shaba, kidogo kama kitufe, ambacho watu walikiita sikio, na kumvisha Namsifu bangili nyembamba ya Kampuni. Kisha akamwelekeza maneno. Namsifu alilisogelea sikio akasema, "Nathibitisha kwamba nyumba namba nne haina mkaaji."

Chini ya sakafu kitu kilikaza. Vikombe viligongana kabatini. Nyumba nzima ilijikusanya, kama mwanamke anayejifunga kibwebwe, kisha ikatulia.

Elirehema aliugonga ukuta, akasikiliza. "Safi," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na siku ile hakuugonga tena.

*

Kangero alizikwa kando ya nyumba yake, chini ya migomba, na watu wakabaki matangani kama ilivyo ada. Nyumba ambayo enzi za uhai wake ilikuwa na mtu mmoja sasa haikuwa na pa kukanyaga. Wanawake walijaa vyumbani juu ya mikeka, wanaume walikaa barazani wakiitazama mvua. Ilikuwa imenyesha tangu mazishi bila kupumua, na ingawa ulikuwa mchana, ukungu ulikuwa umeleta giza lake.

Namsifu alikuwa jikoni akikoroga makande katika sufuria kubwa. Alipakua bakuli la kwanza, akalipeleka chumba cha ndani, alikokuwa Bibi Naelijwa, dada mkubwa wa marehemu. Bibi huyo alivushwa mlima kwa machela kuja kumzika ndugu yake. Masikio yake yalikuwa yamekufa tangu Namsifu akiwa msichana, na macho yake hayakuwa mbali kuyafuata. Namsifu alimgusa bega. Bibi aligeuka, akaupapasa mkono uliomgusa mpaka kwenye bangili, akatabasamu.

"Mikono ya tangawizi," alisema. "Wewe ni wa nyumba ya juu. Ndugu yangu alikuwa akikusifia uji."

Namsifu alimkabidhi bakuli, akarudi jikoni haraka. Alikuwa ameushika tena mwiko pale bangili ilipotetemeka, na sauti tulivu ya Mizani ikasema:

"Kinga imeanza kazi. Nyumba yako i salama. Hatari imeelekezwa kwenye nyumba tupu namba nne. Tafadhali usiikaribie."

Mwiko ulizama ndani ya makande.

"Simamisha!" alinong'ona akiwa ameileta bangili mdomoni. "Simamisha! Kuna watu huku!"

"Nyumba namba nne haina wakaaji."

"Imejaa watu! Ni matanga! Mimi mwenyewe nimo!"

"Wewe ni mkaaji wa nyumba namba tatu. Rejea nyumbani. Ni salama."

Nje, mtu barazani alichekea utani fulani. Namsifu alihisi ardhi ikinguruma katika nyayo zake, kwa chini sana, kama tumbo la mtu mwenye njaa.

"Nisikilize. Nifanyeje isije huku?"

"Unaweza kuirudisha hatari kwenye nyumba yako. Taarifa: ndani ya nyumba yako sasa yumo mkaaji mmoja, asiyeweza kutoka bila kusaidiwa. Je, unathibitisha?"

Kulikuwa na neno moja tu la kusema. Moyoni alimwona Elirehema kitandani kando ya dirisha, kiganja ukutani. Alilisogeza neno lile mpaka kwenye ulimi. Halikutoka.

Badala yake aliinua macho. Juu ya mlango wa jikoni, kwenye kigingi chake cha siku zote, ilining'inia pembe ya tandala. Mwiko wa kijiji ulijulikana na kila mtoto: pembe hailii matanga yakiwa hayajaondolewa, maana mwenye msiba haitwi kazini. Namsifu aliiangua, akatoka nayo mvuani, akapuliza kwa pumzi zake zote.

"Namsifu!" mtu alifoka. "Umepagawa? Matangani?"

Akapuliza tena. Akaona jambo ambalo asingeamini kama angesimuliwa. Vinywa vilimlaani, lakini miguu ilikuwa imekwisha kusimama. Watu wale walikuwa wameitikia sauti ile tangu wabebwe migongoni. Wanawake walitoka wakijifunga kanga, wazee walitoka wakipapasa fimbo, mwanamume mmoja alikwisha kulishika jembe la marehemu na huku akiuliza kazi yenyewe ni nini.

"Ndivani!" alipiga kelele Namsifu. "Juu kwenye mwamba! Mlima unakuja! Kimbieni!"

Wakakimbia. Aliwasukuma wa nyuma, akamnyanyua mmoja aliyeteleza, akapuliza, akakimbia, akapuliza. Walipofika kwenye bega la mwamba, mlima ulifunguka chini yao. Mwanzoni ulishuka kuelekea nyumba namba tatu. Kisha, kwenye sehemu ambapo hapakuonekana kitu chochote, ulipinda. Ulipinda kwa upole, kama maji yanayofuata mkono wa mtu, ukaipita nyumba ya Elirehema bila kugusa hata mchaichai wa uani. Migomba ya Kangero ililala. Kaburi jipya likatoweka. Nyumba ikaenda yote kwa pamoja, paa likiwa juu ya tope kama kofia inayoelea.

Kimya kilipoingia, Nakundwa, binti wa marehemu, aligeuka huku na huku katikati ya watu.

"Shangazi yuko wapi?" aliuliza. "Nani kamshika shangazi?"

Namsifu alikuwa bado ameishika pembe. Mkono ulioishika ulikuwa ule ule uliogusa bega la Bibi Naelijwa.

*

Walichimba kwa msaragambo, kijiji kizima, hadi walipompata. Walimzika juu kwenye mwamba, na hapakuwa tena na kaburi la ndugu yake la kumlaza kando. Kwa kuwa nyumba ya msiba haikuwepo, Nakundwa na waombolezaji walihamia nyumba ya jirani iliyobaki nzima. Walikuwa wamekaa hapo kwa Namsifu Mshana alipobisha hodi. Wakatoka uani kumpisha.

Alionekana kama mtu ambaye hajalala. Hakuketi.

"Mizani imefunga tukio," alisema. "Inasema: hasara, nyumba moja tupu. Watu, hakuna. Kinachobaki ni wewe kuthibitisha, mama, ili Kinga iendelee."

"Watu hakuna?"

"Bibi ni mkaaji wa ng'ambo ya mlima. Kisheria hakuwepo."

"Kisheria yuko wapi basi?"

Mshana aliangalia viatu vyake. "Nyumbani kwake," alisema.

Namsifu alicheka, na kicheko chenyewe kilimtisha. "Na nikisema alikuwepo?"

"Kinga ilisimama juu ya neno lako kwamba nyumba ni tupu. Neno likivunjika, Kinga inabatilika hapo hapo. Nanga zinalegea. Na kwa mteremko ulioporomoka, hakuna bima nyingine mpaka upimwe upya." Kisha akasema kwa haraka, kama anayeiba: "Lakini neno hilo likiingia, Mizani italazimika kuhesabu waombolezaji. Nyumba yenye matanga haitaitwa tupu tena, mlima wote. Hivi leo zipo kumi na moja zinazoitwa hivyo. Sikuambii ufanye nini."

"Mama Ombeni," aliita Elirehema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mvua haijaisha. Tukisema, tutalala wapi?"

Alimwendea, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Aliniuliza," alisema. "Mizani. Iliniuliza kama niirudishe huku. Ulikuwa umelala hapa. Nikashindwa kusema ndiyo, nikapuliza pembe, nami nilijua kuna mmoja asiyesikia."

Elirehema aliunyoosha mkono wake hadi ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio ule mzito usio na mashaka mpaka ulipokwisha.

"Ni ukuta mzuri," alisema. "Haya. Sema."

Namsifu alisimama mbele ya sikio la shaba.

"Nyumba namba nne haikuwa tupu. Ilikuwa na watu wa matanga. Nami nilikuwemo. Na Naelijwa, dada yake Kangero, alikuwemo, akafia humo."

"Taarifa hiyo itabatilisha bima yako. Je, unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Kwa kitambo hapakutokea kitu. Kisha chini ya sakafu ukasikika mlegeo, kama mshipi unaofunguliwa. Kutoka kwenye pembe ya dirisha ufa ulitoka, mwembamba kama unywele, ukashuka ukitafuta njia yake kati ya jiwe na jiwe, mpaka usawa wa kitanda. Elirehema aliupitishia kidole, kwa makini ya fundi, kutoka alikoweza kufika juu hadi chini.

"Ita watu waje wanibebe," alisema.

Namsifu aliichukua pembe. Lakini kabla ya kutoka alipita chumba hadi chumba katika nyumba ile, nyumba aliyoijua kuliko mwili wake. Aliinua kila pazia, akashika kila kitanda, akapapasa kila mkeka ulioachwa na waombolezaji, kwa mkono wazi, taratibu, ingawa alijua vema kwamba hamna mtu mwingine.

Ndipo akatoka mvuani, akapuliza.